Neno Kwanga na Kopo la Wanga

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa saa ya ukutani ya jikoni, nilimwambia Papa Bartolomeyo kwamba Mungu anamchukia. Naikumbuka dakika hiyo kwa sababu niliitazama saa kabla ya kusema. Nilikuwa nimechelewa kazini na nilitaka kujua nimechelewa kiasi gani. Yeye alikuwa anapiga pasi foronya, na hakuinua kichwa. Aliuliza tu kama nilisikia vizuri. Nikajibu kwamba nilisikia vizuri sana, na kwamba nimetafsiri neno kwa neno.

"Neno kwa neno?"

"Ndiyo, papa."

"Bon," akasema, akageuza foronya upande wa pili.

Ninyi vijana mnaoingia kazi ya udobi mmeniomba niwaandikie mambo ya sabuni na pasi, kwa kuwa nimestaafu mapema na nina nafasi. Vidole vyangu vimekakamaa kwa maji ya moto na baridi ya miaka mingi, lakini kalamu bado vinashika. Nitaandika mambo ya sabuni. Ila kila ninapoanza na sabuni najikuta kwenye asubuhi ile, kwa hiyo mtanivumilia nikichanganya mambo mawili. Mimi mwenyewe sijafaulu kuyatenganisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtu wa Nyakiriba, na nilifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Wazungu kando ya ziwa, Gisenyi. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa huyo Papa Bartolomeyo, mtu wa upande wa Kindu, Kongo, ambako mzee huitwa papa. Alifika Gisenyi na bwana wake Mzungu kabla ya vita. Mzungu akaondoka, yeye akabaki na pasi. Kinyarwanda chake kilikuwa cha kusalimu na kuuliza bei ya sambaza, vile vidagaa vya ziwani, basi. Na mimi Kiswahili changu siku ya kwanza kilikuwa hivyo hivyo.

Siku hiyo ya kwanza alininyooshea mkono bila kugeuka, akasema, "Wanga." Mnajua wanga ni nini: ni ule unga wa muhogo tunaoupika ili kola isimame. Lakini mimi nilisikia kwa masikio ya Nyakiriba, na kwetu "wanga" ni "unakataa". Nikadhani ananilaumu kwamba nakataa kazi. Nikamjibu kwa heshima, "Sinanga," yaani sikatai. Akarudia, "Wanga." Nikarudia, "Sinanga." Tulikwenda hivyo mara nne au tano, sauti ikipanda, mpaka alipoushika mkono wangu akautumbukiza kwenye ndoo ya wanga hadi kwenye kiwiko. Mkono ulipokauka ulikuwa mgumu kama ubao. Alicheka mpaka akalazimika kuketi.

Basi wanga upikwe hivi. Unga wa muhogo ukorogwe kwanza na maji baridi, kidogo, mpaka usiwe na mabonge. Halafu maji yanayochemka yamiminwe taratibu huku mkono mwingine unakoroga bila kusimama. Uchuje kwa kitambaa kikuukuu. Kwa kola, ongeza kipande cha mshumaa chenye ukubwa wa ukucha, pasi haitanata. Aliyenifundisha ni yeye, na sijapata njia bora zaidi.

Kwa sababu ya aibu ya mkono ule, nilinunua daftari. Sikuwa nimesoma zaidi ya miaka minne, na yote niliyoyajua baadaye niliyapata kwa njia ya daftari. Upande wa kushoto niliandika Kinyarwanda, upande wa kulia Kiswahili, na katikati nikapiga mstari kwa rula. Sheria yangu ilikuwa neno moja kushoto, neno moja kulia. Nilipofika kwenye "kwanga", neno "kukataa" nilikuwa nimekwisha kuliandika mbele ya "guhakana", neno letu lingine la kukataa. Kwa hiyo "kwanga" nikalipa "kuchukia". Nilijua, kama anavyojua kila mtoto wa kwetu, kwamba kwanga ni yote mawili: msichana akimkataa mchumba ni kwanga, na jirani akimchukia jirani ni kwanga. Lakini nafasi upande wa kulia ilikuwa moja, nami nilipenda daftari safi.

Kuhusu madoa, sheria ya Papa Bartolomeyo ilikuwa kuliuliza doa jina lake kabla ya kuligusa. Damu inataka maji baridi. Ukiipa maji ya moto unaipika, na haitoki tena. Mvinyo mwekundu unataka chumvi mara moja, kisha kitambaa kivutwe juu ya beseni na maji ya moto yamiminwe kutoka juu, kwa kimo cha kifua. Kutu inataka ndimu, chumvi na jua, mara tatu au nne, na uvumilivu. Utomvu wa ndizi hautaki chochote. Utomvu ukishakauka umekuwa sehemu ya uzi.

Mimi sikuamini hilo. Shati la mgeni mmoja lilikuja na doa la utomvu kifuani, nami nikalilaza usiku mzima kwenye javeli, ile dawa ya maji inayong'arisha nguo nyeupe, bila kuipima. Asubuhi nililiinua kwa vidole viwili. Doa lilikuwepo palepale, kahawia, na shati ndilo lilikuwa limeondoka: limekatika pande zote za doa kama karatasi iliyolowa. Papa Bartolomeyo alilitazama kwa muda mrefu. "Kijana yangu," akasema, "umefua vizuri. Alama imebaki peke yake."

Sasa nirudi kwenye asubuhi ile. Papa Bartolomeyo alikuwa Mkristo aliyebatizwa kwao, na alifunga ndoa ya kanisa huko Kindu na mwanamke ambaye hakumfuata Gisenyi. Hapa mjini aliishi kwa mama Zuena, mjane wa mtaa wa Waswahili, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara, aliyeshona foronya na mapazia. Waliishi miaka kumi na moja, kwa amani, na kwa miaka hiyo kumi na moja hakukomunika, yaani hakupokea komunyo kanisani. Kila Jumapili alipanda kwa miguu mpaka misheni ya Nyundo, akakaa benchi la nyuma, akatoa faranga moja ya sadaka, akashuka. Wengine walipokwenda kupokea, yeye alibaki akiangalia mikono yake. Wakati huo kulikuwa na padiri mpya, Mzungu, aliyejua Kifaransa na Kinyarwanda cha kusoma, kizuri, lakini si Kiswahili. Papa Bartolomeyo hakuweza kusema naye.

Jumamosi moja akaniambia kwamba anazeeka na kwamba kuna jambo moja anataka kulijua kabla ya mengine. Nimwulize padiri: mtu kama yeye, Mungu anamwonaje? Si kanisa. Sheria ya kanisa alikuwa anaijua. Mungu mwenyewe.

Jumatatu nilichukua baiskeli ya hoteli alfajiri. Nilimkuta padiri mlangoni, anatoka kwenda kwa mgonjwa. Nikamwuliza, akanisikiliza vizuri, akajibu kwa sentensi moja: "Imana yanga icyaha, kandi yanga umunyabyaha utihana." Akanibariki, akaenda. Njia nzima ya kuteremka niliirudia sentensi ile nisiipoteze, na njia nzima niliitafsiri kwa daftari. Imana ni Mungu. Icyaha ni dhambi. Umunyabyaha utihana ni mwenye dhambi asiyetubu. Yanga, mara mbili, ni anachukia. Nilifika nikiwa na jibu zuri, halina hata neno moja lililokosekana. Nilijivuna, vijana. Hilo ndilo ninalolikumbuka vibaya kuliko yote.

Jioni ya siku ile Papa Bartolomeyo alichukua mkeka wake kwa mama Zuena akaja kulala kwenye chumba cha pasi, nyuma ya rafu za shuka. Nilipomwuliza kwa nini, alisema: "Ule anayenichukia akikuja kunipiga, mi sitaki apige na nyumba ya mwanamuke ile." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayehamisha nguo kavu kwa sababu ameona wingu.

Mama Zuena alikuja kesho yake. Hakuingia, alikaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniita.

"We Daftari. Ulisikia na masikio yako Mungu akisema vile?"

Nikasema hapana, mama, padiri ndiye aliyesema.

"Na padiri alisema na Kiswahili?"

"Na Kinyarwanda."

"Donc, basi, ni we ulisema."

Niliudhika. Nilimletea daftari nikamwonyesha mstari wa rula. Alikuwa anajua kusoma kwa herufi za Kiarabu, si hizi, lakini aliutazama mstari kwa makini ya fundi na akasema umenyooka. Kisha akaweka bakuli la maharage kizingitini na kwenda. Bakuli hilo lilikuja kila siku. Alikaa kwenye ndoo yake nje, Papa Bartolomeyo akala ndani, mlango wazi, wakaongea mambo ya bei ya nyuzi. Na Nyundo hakupanda tena. Kwa nini aende, alisema, kumsumbua mtu nyumbani kwake.

Katika kipindi hicho hoteli ilileta mashine ya kukamua, ile yenye roli mbili za mpira na mkono wa kuzungusha. Wiki ya kwanza ilivunja vifungo vya mashati kumi na tisa. Dawa yake ni rahisi: kunja shati vifungo viingie ndani, na ulipitishe kwa kola kwanza. Papa Bartolomeyo hakuipenda. Alisema nguo inayokamuliwa na mkono inajua nani ameikamua. Niliandika jambo hilo kwenye daftari, ingawa sikuona linasaidia nini.

Mwaka mmoja na miezi kumi ulipita hivyo, ila wiki tatu ambazo Papa Bartolomeyo alilazwa hospitali kwa kifua. Mimi nililala vizuri muda wote huo. Sikuwa na shaka.

Siku ya Alhamisi, karibu na adhuhuri, padiri yule alikuja kwenye chumba cha kufulia na kanzu yake nyeupe mkononi. Ilianikwa juu ya waya, ikapata mistari ya kutu mabegani, na masista walishindwa kuitoa. Mtu alimwambia hotelini kuna dobi. Alipoingia akamwona Papa Bartolomeyo kwenye meza ya pasi na akamtambua: yule mtu wa benchi la nyuma. Akanigeukia. "Mubaze impamvu yatwanze."

Mwulize kwa nini alitukataa. Ndivyo mtu yeyote wa Nyakiriba angesikia. Mimi nilifungua daftari kichwani.

"Papa, padiri anauliza kwa nini ulituchukia."

Papa Bartolomeyo aliweka pasi juu ya chuma chake. "Mi? Mi namuchukia nani? Umuambie mi nilikataa tu kuja. Kuchukia mutu, sikuchukia hata mumoja."

Nikageuka kwa padiri nikaanza kutafsiri, nikasema: "Naranze kuza, ariko sinabanze." Na nilipomaliza ndipo nikalisikia neno. Nilikuwa nimetumia neno lilelile mara mbili katika pumzi moja, mara ya kwanza kukubali, mara ya pili kukana. Nilikwanga kuja, lakini sikuwakwanga. Padiri aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kwa Kinyarwanda haikuwa na tatizo lolote. Mimi ndiye niliyesimama pale mdomo wazi, maana daftari langu halikuwa na nafasi ya sentensi ile.

"Papa," nikasema, "lile neno nililokuletea kutoka Nyundo lina sura mbili."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na we ulinipatia moja."

"Ndiyo, papa."

"Ile ya kuchukia. Na ile ingine ni nini?"

"Kukataa. Labda padiri alisema Mungu anamkataa mwenye dhambi asiyetubu. Labda hakusema anamchukia."

Alifikiri. Makaa ya pasi yalilia kidogo. "Sasa," akauliza, "ile ya kukataa ni muzuri kushinda?"

Nilimgeukia padiri, nikamweleza yote, tangu baiskeli mpaka mkeka. Padiri aliuliza mambo mawili. Kwanza, mzee analala wapi. Nikamwonyesha nyuma ya rafu. Pili, na yule mwanamke? Nikamweleza habari za bakuli na ndoo. Akavua miwani akaishika. Akasema kwamba kama ni hivyo, kama hawaishi pamoja tangu Jumatatu ile, basi muda huu wote mzee angeweza kuja kuungama na kukomunika. Hakuna ambacho kingemzuia. Yeye mwenyewe angempa.

Nilitafsiri pole pole, nikipima kila neno kama javeli.

Papa Bartolomeyo alikaa juu ya furushi la shuka chafu. "Donc wakati Mungu alinichukia, niliishi kama mutakatifu."

Padiri hakucheka. Aliketi naye, kwenye furushi lingine, akanena na mimi nikatafsiri. Alisema Mungu hamchukii mtu. Anachukia dhambi, na mtu anampenda, kama vile dobi anavyochukia doa na kulipenda shati. Nadhani aliuchukua mfano ule palepale, kwa kutuheshimu sisi na kazi yetu. Kwangu ulikuwa mfano mzuri sana na niliutafsiri kwa furaha, bila kosa.

"Umuulize," akasema Papa Bartolomeyo, "kama alishafua utomvu ya ndizi."

Padiri hakuwahi.

Basi akamweleza, kupitia kwangu, kama alivyonieleza mimi: kutu inatoka, hata hii ya kanzu itatoka, lakini utomvu unaingia kwenye uzi na hapo hakuna tena doa upande huu na shati upande ule. Akataja shati langu lililooza. Padiri aliuliza, sasa shati kama hilo unalifanyaje. Papa Bartolomeyo akashika kifua cha shati alilovaa. Kulikuwa na alama ya kahawia, kubwa kama kiganja, chini ya mfuko. Niliitazama kila siku na sikuwahi kuiona.

"Hii shati, hoteli iliitupa. Miaka saba. Mi navaa."

Padiri aliuliza: na doa?

"Navaa na doa yake."

Nilitafsiri. Padiri akaniambia nimwambie kwamba amesikia, na kwamba atafikiri. Kuhusu kuchukia, aliongeza kwa sauti ya chini kwamba katika Zaburi kuna mahali ambapo haisemwi dhambi, wanasemwa watu wenyewe, na kwamba yeye pia kila anapofika hapo husoma haraka. Sikujua kama hilo alitaka nilitafsiri au lilikuwa langu mimi. Mpaka leo sijalitafsiri.

Kanzu yake tuliifanyia ndimu, chumvi na jua kwa siku nne. Ilitoka nyeupe kabisa. Hilo ndilo jambo pekee katika habari hii ambalo naweza kusema lilikwisha vizuri bila shaka yoyote.

Maana angalieni. Jioni ya Alhamisi ile, baada ya kuambiwa kwamba Mungu hamchukii, Papa Bartolomeyo alikunja mkeka akarudi kwa mama Zuena. Nilipomwambia, kwa woga, kwamba sasa ndipo anarudi dhambini, alinitazama kama siku ya ndoo ya wanga. "Aliyekuwa na hasira ameondoka," akasema. "Mi nibaki na shuka namna gani?" Kwa kosa langu aliishi kama kanisa linavyotaka, na aliishi peke yake kama mtu anayengoja kupigwa. Nilipolisahihisha, akawa na furaha na akawa mkosaji. Nimejaribu kuweka hesabu hiyo pande mbili za mstari, kama nilivyozoea, na kila mara kitu kimoja kinaangukia pande zote mbili. Kama Mungu anachukia dhambi tu, dhambi ya mtu yule ilikuwa bakuli la maharage na mwanamke aliyekaa kwenye ndoo, na sijui pa kushika ili nimtenge mtu na dhambi yake. Kama anamchukia mwenye dhambi, basi nilimletea jibu la kweli na sina wa kumwomba msamaha. Padiri aliandika barua Kindu kuuliza habari za mke wa kwanza. Jibu halikuwa limefika nilipoondoka kwenda kufanya kazi ng'ambo ya ziwa.

Kwenye daftari, wino wa "kuchukia" haukutoka. Niliandika "kukataa" pembeni, nje ya mstari, kwa herufi ndogo. Fanyeni hivyo, vijana. Acheni nafasi pembeni.

Jumamosi, siku mbili baada ya mkeka kurudi, waliniita nyumbani. Mama Zuena alitandika khanga sakafuni na Papa Bartolomeyo akaleta kopo la wanga, lile la bati, kubwa, lililokuwa karibu na mlango wa chumba cha pasi, ambalo nilidhani miaka yote hiyo limejaa unga wa akiba. Akaligeuza. Zilitoka sarafu. Kila Jumapili ambayo hakwenda Nyundo alikuwa ametia humo faranga moja, ya sadaka. Nilimwuliza kwa nini mtu ampe sadaka anayemchukia. Alisema sadaka haikuwa yake kuizuia. Kugombana ni kitu kimoja, faranga ya mwenyewe ni kitu kingine. Na zile wiki tatu alizolala hospitali na kifua? Mama Zuena, aliyekuwa anapanga sarafu kumi kumi, alisema mkono wake yeye, uliotia zile tatu, haukuumwa kifua.

Padiri angepelekewa kesho yake, zote, ndani ya kopo. Mimi nilikuwa nimehesabu Jumapili kichwani njiani nikija, na nilitaka kuona kama zinalingana. Tulihesabu mara mbili. Nilitaka ya tatu, mama Zuena akakataa. Zililingana: faranga tisini na sita.